Mswaki wa umeme unadai sijagusa magego ya juu kulia

Wadau, habari za asubuhi. Shemeji kaniletea mswaki wa umeme kutoka Muscat, ule unaoungana na simu. Napigia mswaki bombani uani, huku nageuka geuka kufukuza kuku. Nikimaliza, simu inasema magego ya juu kulia hayajaguswa, na povu limejaa huko huko! Nasikia ipo yenye sensa za mwanga, yaani vihisi. Inasaidia, au tunauziwa taa?

Fundi Redio: Mchawi ni kuku, mkuu. Miswaki mingi ya hivyo hupima mlalo na mzunguko wa mpini tu, haijui uso wako umeelekea wapi. Ukigeuka mwili mzima, mswaki unadhani umehamia upande mwingine. Sensa ya mwanga hurusha mwanga na kupima unaorudi: jino jeupe hurudisha karibu rangi zote, ufizi humeza sana kijani. Hapo inajua brashi iko kwenye jino au imeteleza. Lakini povu likifunika kijidirisha chake, kazi inakuwa ngumu.

Mama Nasra: Mimi kliniki waliniwashia taa ya zambarau, ukoga wa siku nyingi ukang'aa wekundu nyuma ya meno ya chini. Niliona haya! Daktari akanionyesha kuinamisha brashi nyuzi 45 kwenye ufizi, dakika 2. Kwa mswaki wa dukani huu huu.

Mwenye swali: Leo nimesimama nikitazama ukuta. Magego yamehesabiwa yote. Kuku wamenidonolea sabuni.