Tupeane uzoefu: ulichaguaje chuo cha kusomea sheria?

Dada Mkubwa
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na kachaguliwa kusoma sheria vyuo viwili, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Mzumbe. Anatakiwa kuthibitisha kimoja, na hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mzee anataka Mlimani kwa sababu ndiko sheria ilikoanza kufundishwa nchini, mwaka 1961. Mimi nataka kuwasikia waliopita huko: mlitumia kigezo gani, na kiliwafaa vipi mlipofika Law School, kule kunakosomewa uwakili baada ya digrii? Yale matokeo yao ya 2022 bado yananitisha. Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26!

Mzaramo Halisi
Dada, nimesoma Mlimani na sijutii, ila si kwa sababu ya jina. Kilichonijenga ni kuwa karibu na mahakama. Siku zisizo na vipindi tulikuwa tunapanda daladala hadi Mahakama ya Kisutu kusikiliza kesi. Nakumbuka wakili mmoja aliomba ahirisho, hakimu akamgeukia shahidi: umetoka wapi? Ifakara. Nauli kakupa nani? Nimekopa. Ahirisho likakataliwa palepale. Kwenye vitabu nilikuwa nimesoma habari za ahirisho, lakini sikuwahi kumfikiria yule mama aliyekopa nauli.

Wa Nyanda za Juu
Mimi chuo changu sikitaji. Mhadhiri alikuwa anakuja na notsi za miaka nenda rudi, sisi tunanakili. Kwenye mtihani: toa maana, taja, eleza. Mtu unaondoka na GPA nzuri kabisa. Nilipofika Law School nikapewa maelezo ya mteja, kurasa kadhaa zimechanganyika, yenye maana na yasiyo na maana, halafu naambiwa andaa hati ya madai. Mahakama ipi ina mamlaka? Muda wa kufungua shauri umepita au bado? Nimdai nani? Sikuwahi kuulizwa hivyo hata siku moja. Kwa hiyo dada, mwambie dogo atafute pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, za vyuo vyote viwili aziweke mezani. Chuo kinachouliza maswali ya visa, yenye watu na ugomvi ndani yake, ndicho cha kwenda. Hiki ndicho kipimo pekee ninachokiamini.

Karani
Tusisahau njia ndefu. Mimi nilianza na diploma Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, nikaajiriwa, kisha digrii nikaisoma Chuo Kikuu Huria huku niko kazini. Ni ngumu, usiku unasoma na asubuhi jalada linakusubiri. Lakini nilikuwa naona hukumu zikiandikwa. Halafu tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na nawaona vijana wenye digrii wanakwama kuandika hoja ya kurasa mbili kwa Kiswahili safi. Aanze mapema kusoma hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure.

Mama Wawili
Naongeza la mfuko. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hautoshi kila kitu, na chumba Dar kinakula hela. Morogoro, Mzumbe iliko, maisha ni nafuu kidogo. Mwisho wa siku Law School iko Dar, barabara ya Sam Nujoma, na huko lazima aende akitaka kuwa wakili, kwa hiyo familia ijiwekee akiba kwa mwaka huo pia. Watu wengi hujipanga kwa digrii tu, wakifika hapo wanakaa nyumbani kusubiri ada. Mwanangu mwenyewe alisubiri, na inauma sana.

Dada Mkubwa
Asanteni mno, Mungu awabariki. Dogo ameshaanza kusaka pasti pepa kwa wenzake. Mama Wawili, hilo la akiba nimemsomea Mzee na amelielewa. Waliosoma Mzumbe mbona kimya? Naomba mtuambie: mashindano ya mahakama ya mfano (moot court, wanafunzi wanabishana kesi ya kubuni) kila mwanafunzi anashiriki, au ni wale wachache wanaojitokeza?