Naombeni ushauri: karakana ya betri za gridi ndogo, niendelee au niache?

Fundi_Ziwani: Wakuu, habari za jioni. Nataka kufungua karakana Mwanza ya kuunganisha betri za kuhifadhia umeme wa gridi ndogo za sola visiwani. Sasa hivi betri ikifa wanaagiza nzima kutoka China, kisiwa kinakaa gizani kikisubiri meli. Mimi ningeagiza seli tu, yaani vile vipande vya ndani vinavyotunza umeme. Makabati, nyaya na vipande vya shaba vitoke hapa hapa. Niendelee? Silali.

Mwana_Mahenge: Mkuu, shida inaanzia huku kwetu. Kinywe, yaani grafiti, madini ya kutengenezea seli, kimejaa Mahenge mpaka Ruangwa, lakini hakiingii kwenye betri mpaka kisafishwe kifike asilimia 99.95, na kazi hiyo karibu yote iko China. Desemba 2023 walipoanza kudai kibali cha kukitoa nje, wanunuzi walihaha. Tujenge kiwanda cha kusafisha kwanza.

Mama_Junior: Kaulizia karakana, si kiwanda. Mdogo wangu, seli ni mpya au mtumba? Na hela umetoa wapi?

Fundi_Ziwani: Mtumba, dada. Zimetolewa kwenye mabasi ya umeme, volti 3.2, na zilipokuwa mpya zilibeba Ah 280 (Ah ndicho kipimo cha chaji inayobebwa).

Mama_Junior: La pili umeliruka.

Fundi_Ziwani: Nimeweka hati ya nyumba ya mama. Ila karidhia mwenyewe, na nusu nilishalipa. Seli iliyochoka kwa basi haijachoka kwa gridi: huku imetulia chini, haimbebi mtu.

Baba_Kontena: Hati ya mama! Mimi 2019 niliingiza betri za minara ya simu, nikaambiwa bado nzima. Nilizipimia uani, ikapona robo. Mke wangu akiona kontena barabarani hadi leo ananigeukia.

Kijiwe_Kati: Hii chai. Mabasi gani hayo? Wewe dalali wa seli, unasaka wateja.

Fundi_Ziwani: Dalali angeshataja bei. Sampuli 16 ziko mezani kwangu. Nimechaji moja moja mpaka volti 3.65, nikazishusha mpaka 2.5. Kumi na mbili zimetoa kati ya Ah 228 na 241. Tatu, 215. Moja, 163.

Nati_Bolti: Huyu hatungi, kapima kweli. Lakini mdogo wangu, ukizipanga zote 16 kwa mstari mmoja, hiyo ya 163 ndiyo itaamua. Hiyo ikiisha chaji, saketi ya ulinzi inakata zote, hata zenye 241. Umelipia seli ngapi?

Fundi_Ziwani: 480. Muuzaji alituma karatasi ya vipimo.

Nati_Bolti: Inaonyesha kila seli?

Fundi_Ziwani: Wastani tu.