Swichi ya 22K au DiSEqC kwa madishi mawili?

MwanaChumbageni: Habari zenu wakuu. Juu ya bati hapa nina madishi mawili, la futi 6 la masafa ya C band limetazama baharini kwenye setilaiti ya Intelsat 20 nyuzi 68.5, na la sentimita 90 la masafa ya Ku limetazama huku upande wa Muheza, risiva ni moja. Fundi kaniletea swichi ya 22K, ile inayohama dishi kwa toni ya kHz 22 kutoka kwenye risiva, kaifunga kashika hela yake kaondoka. C band iko poa ila Ku chaneli nusu zinakuja nusu hakuna, nimesachi mpaka kidole kinauma. Nibaki na hii nihangaike na setingi au ninunue DiSEqC, ile swichi inayohama dishi kwa amri ya risiva?

Dishi la Pongwe: LNB ya Ku, kile kichwa cha mbele ya dishi, ni yunivaso, yaani ya bendi mbili? Panda usome kikaratasi chake, kama kimeandikwa 9.75/10.6 ndo ugonjwa wenyewe huo.

MwanaChumbageni: Ndo hiyo hiyo mkuu.

Bi Raskazone: Basi hiyo swichi irudishe mwanangu. Yunivaso inangoja toni ya 22K ndo ihame bendi ya chini iende ya juu, na swichi nayo inangoja toni hiyo hiyo ndo ihame dishi, mke mmoja waume wawili, utabaki na bendi moja tu. DiSEqC inatuma amri yake fupi mara moja halafu toni inaiachia LNB.

Kijana wa Ngamiani: Mi naipinga kidogo, 22K sio takataka. LNB yako ya Ku ingekuwa ya namba moja, mfano 10750, ungekula raha na usingekuja kuuliza huku, nyumbani kwa shemeji Makorora ipo hivyo hivyo na haijasumbua.

Bi Raskazone: Sawa, ila yake ni yunivaso.

Dishi la Pongwe: Ukifunga DiSEqC kwanza chomoa risiva umemeni, usije ukapiga shoti. Halafu kwenye menyu, namba ya LNB, C band andika 5150, Ku andika 9750/10600, ukiiandika 9750 peke yake masafa ya juu huyaoni. Piga hesabu, chaneli ya masafa 12522 toa 10600 ni 1922, risiva inasoma, lakini ukitoa 9750 inakuja 2772 na risiva zetu hizi mwisho 2150. Na swichi iweke chini ya upenu, huku kwetu chumvi inakula konekta mpaka inakuwa kijani.

MwanaChumbageni: Mrejesho. Nimenunua DiSEqC ya matundu manne nikaifunga jioni, ubora sifuri kote kote, nikataka kulia. Kumbe waya wa C band nimeuchomeka tundu la 2 na kwenye menyu nimeandika 1, na Ku kinyume chake. Nimebadilisha menyu tu, sikupanda tena juu, na Ku imeingia yote bendi zote mbili. Asante Bi Raskazone. Ila mama kanuna, nilimzimia tivii katikati ya tamthilia na hajanipa chai mpaka saa hizi.