Naomba ushauri: paka wangu anakataa kila chakula isipokuwa ugali na dagaa

Ndugu wanajamii, nina paka jike wa miaka 3 ambaye tangu akiwa mdogo nimemlisha ugali uliochanganywa na dagaa, na sasa hataki kingine. Ninafahamu kwamba paka ni mla nyama kwa maumbile, na kwamba anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho kimo katika nyama na samaki lakini hakimo katika nafaka, na upungufu wake huweza kuharibu macho na moyo. Ndiyo maana ugali huo unaninyima raha. Nimempa firigisi na maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwake, lakini hunusa tu na kuondoka. Je, nimzoesheje bila kumshindisha njaa, na maini yanamfaa mara ngapi kwa wiki?