Karatasi ya timbre (stempu) za Ferrari yenye jina la Congo: ni halali?

mwana_kamalondo
Jambo wakubwa. Hapa Lubumbashi kuna mtu anauza karatasi ya timbre tisa za Ferrari. Imeandikwa République Démocratique du Congo, 2005, bei zake ni za FC (faranga za Congo). Muhuri uko pembeni, lakini gundi ya nyuma iko nzima, kama timbre ambayo haijabandikwa kwenye barua. Anataka dola 15. Ni ya kweli ao bandia?

lupe10
Bandia ni nakala ya timbre ambayo posta iliitoa kweli. Hii nadhani ni aina nyingine: timbre haramu, toleo zima limebuniwa na mchapaji asiye na ruhusa ya posta ya Congo. Kutafuta "ya asili" uilinganishe nayo ni kazi bure.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame muhuri. Ukiona mistari yake imeundwa na vitone kama vya picha ya gari, au inakaa palepale kwenye kila timbre bila kuhama hata milimita, ulichapwa kiwandani pamoja na picha. Muhuri wa mkono huyumba, wino unalemea upande mmoja. Lakini usihukumu kwa hilo tu: hata posta halali, hasa za Ulaya Mashariki enzi za ukomunisti, ziliwauzia wakusanyaji timbre zilizogongwa muhuri tayari, gundi ikiwa nzima.

yaya_albamu
Ni kweli. Ingia WNS, daftari la UPU (Umoja wa Posta Duniani) la timbre zilizotolewa tangu 2002, utafute Congo na mwaka. Ukiikuta, maneno yamekwisha. Usipoikuta, bado hujamaliza, maana kusajili ni hiari. Nenda kwenye katalogi za timbre, Michel au Yvert, kisha kwenye nyaraka za UPU: nchi ikilalamika, ofisi ya Bern huwajulisha wanachama wote. Na usichanganye na timbre za mawakala. Nchi ikimruhusu wakala wa nje achape magari na pengwini mwaka mzima, zinachosha macho, ila ni halali.

Angalia pia jina na pesa. Nchi iliitwa Zaïre toka 1971 hadi 1997, na FC ya sasa ilianza 1998. Karatasi ya "1995" yenye FC irudishe hapohapo. Yako inapita hapo, lakini dola 15 usitoe kabla ya kuikuta kwenye katalogi. Haramu haziorodheshwi humo kama timbre za kawaida, na kuiuza tena itakuwa shida.

mwana_kamalondo
Asante yaya. Ana na za Katanga za 1960. Nazo ni haramu?

lupe10
Hizo usiziweke kapu moja. Katanga ilijitenga na Congo Julai 1960 hadi Januari 1963. Haikutambuliwa kimataifa, lakini timbre zake zilitumika kweli kwenye barua. Hatari iko kwenye zile za Congo Belge (koloni la Ubelgiji) zilizopigwa neno KATANGA juu. Hapo kukagua karatasi na kuhesabu meno ya ukingoni hakutakusaidia, kwa kuwa timbre ya chini ni ya kweli. Kinachoghushiwa ni herufi. Pima urefu na nafasi zake ukilinganisha na picha ya katalogi, na uangalie kama wino wa herufi umepanda juu ya wino wa muhuri. Ukikuta hivyo, neno liliongezwa baada ya timbre kugongwa muhuri.