Mjadala: Tiba ya seli shina kwa wanaovujwa na mkojo ianzie kwa nani?

Mwanzisha mada: Mgonjwa huchotwa kipande kidogo cha msuli, seli shina zake, yaani zile zinazozaa msuli, hukuzwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha hudungwa kwenye msuli unaobana mrija wa mkojo. Tiba hii imejaribiwa kwa panya, mbwa na tumbili. Panya jike mzima huingizwa kipira ukeni, kikajazwa maji mpaka misuli iumie, kuiga uzazi mgumu. Baadaye huuawa ili msuli upimwe. Nasi Nairobi tuna taasisi ya utafiti wa nyani pale Karen, kwa hiyo swali limeshafika mlangoni. Turuhusu majaribio haya kwa wanyama? Mimi nasema ndiyo.

Mama wa Umoja: Ruhusuni hata leo. Hamjawahi kukohoa ndani ya matatu mkalowa. Mimi hukalia leso iliyokunjwa mara nne na hushuka wa mwisho, nisitazamwe nyuma. Wenzangu wanadhani ndiyo malipo ya kuzaa, wananyamaza. Panya nawatega jikoni kila wiki, hakuna aliyeniuliza kibali.

Mwanafunzi wa sheria: Pole, mama. Ila maabara si jikoni: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inadai kibali kwa anayefanya majaribio. Halafu panya anatembea kwa miguu minne, tumbo halikandamizi kibofu chake kama letu. Na jeraha lile la kipira mara nyingi hupona lenyewe. Akiacha kuvuja, tusifu seli au tusifu siku? Marekani yenyewe iliondoa mwaka 2022 sharti la kila dawa kupitia kwa mnyama.

Mwanzisha mada: Ukimruka mnyama, anayefuata ni mwanamke asiye na wa kumtetea. Miaka ya 1840 kule Alabama, daktari Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa, Anarcha, Betsey na Lucy, bila ganzi, akitafuta dawa ya fistula, tundu la uzazi mgumu linalovujisha mkojo. Hayo ya kale? Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha jaribio la Innsbruck, Austria, la seli hizihizi kwa wanawake. Mwaka 2008 likaifuta makala hiyo, baada ya wakaguzi kukuta kasoro nzito, pamoja na za maadili. Nani aliwarudia wale kina mama?

Daktari wa mifugo, Kabete: Mnamsahau mgonjwa aliyepo tayari. Mbwa jike akitolewa ovari, homoni ya estrojeni hushuka, na baadhi huanza kuvuja wakilala. Mwenyewe anaamka kukuta gunia limelowa. Tunampa fenilpropanolamini, dawa ya kukaza msuli wa mkojo, pengine maisha yake yote. Huyu apewe seli zake mwenyewe, mwenye mbwa akiridhia. Hakuna aliyemjeruhi kwa ajili ya utafiti, na akipona, amepona kweli. Nyani mzima wa kuchanwa msuli, hapana, sitatia sahihi.

Mwanafunzi wa sheria: Lakini daktari, mbwa wako ana upungufu wa homoni. Mama wa Umoja alichanika akizaa. Utampaje jibu la mwingine?

Daktari wa mifugo, Kabete: Jibu lote, sina. Ila mbwa ataniambia kama seli zinakaa pale zilipodungwa, au zinavimba na kuziba mrija mpaka mkojo usitoke kabisa. Hilo ningetaka kulijua kabla mtu hajamgusa mama.