Tupeane uzoefu: pesa ya haraka na pesa ya jasho, hesabu zake zikoje?

Mkazi_Mabibo: Wakuu, kuna kundi la WhatsApp linazunguka huku mtaani. Weka laki moja, kila mwezi unaongezewa asilimia 30, ukileta watu watano unapanda ngazi. Vijana wanauza bodaboda waingie! Wanaojua hesabu za mambo haya waseme, na wanaojua kazi za mtaji mdogo nao waseme.

Mhasibu_Kinondoni: Asilimia 30 kwa mwezi, faida ikizaa juu ya faida, laki moja inapita milioni 2.3 ndani ya mwaka. Hakuna biashara inayomzalishia kila mtu hivyo. Anayelipwa leo analipwa kwa pesa ya aliyeingia jana. Na hao watano watano: 5, 25, 125... hatua ya 10 inataka watu 9,765,625. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar nzima, vichanga wakiwemo.

Bi_Mkubwa_Temeke: Kweli tupu.

Kariakoo_Kongwe: DECI mmeisahau, mchezo wa pesa kama huu huu? Watu "walipanda mbegu" wakisubiri "kuvuna", mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakapelekwa mahakamani Kisutu. Ubaya wa michezo hii ni kwamba mwanzoni inalipa kweli. Mavuno ya kwanza ndiyo chambo. Mtu akishika pesa mkononi anarudisha mara mbili, anamwita dada yake, anamwita jirani wa kanisani. Wanaoingia wakipungua, dalili zinakuja kwa mpangilio uleule: kwanza "mfumo unafanyiwa marekebisho", kisha kiwango cha kutoa kinashushwa, kisha unaambiwa ulipe kodi kwanza ndipo utoe. Mwisho kundi linafungwa, anaandika msimamizi peke yake. Wa mwisho kuingia ndio wengi, na ndio wanaolia.

Dogo_Mbagala: Ndiyo maana nasema upatu wote upigwe marufuku!

Mama_Kijumbe: Usichanganye, mwanangu. Upatu wa akina mama watu 10, kila mmoja 20,000, anayefikiwa na zamu anachukua laki mbili. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa, na wote mnajuana nyumba.

Dogo_Mbagala: Na wa kwanza akishapokea akahama mtaa?

Mama_Kijumbe: Mgeni anawekwa zamu ya mwisho. Hilo halina mjadala.

Karai_Tandika: Turudi kwenye kazi. Chipsi. Viazi vikatwe saizi moja, vioshwe mpaka maji yabaki safi, wanga utoke, kisha vichujwe vikauke. Kaanga mara mbili: kwanza viive bila kubadilika rangi, utoe, mteja akija rudisha kwenye mafuta makali. Mafuta yakiwa vuguvugu chipsi zinayanywa, na faida yako inaondoka nayo. Trei ina mayai 30, zege (chipsi mayai) moja inakula mayai 2, kwa hiyo trei ni zege 15. Umeuza 12 na trei tupu? Mayai 6 yamevunjika au yameliwa. Andika kila jioni, usisubiri kesho.

Mpishi_Sinza: Mafuta yakipungua unaongeza mapya juu yake, kazi inaendelea.

Karai_Tandika: Hapana, kaka. Yakitoa povu na moshi mapema yameshakufa. Ukiongeza mapya unaharibu na hayo. Mwaga.

Vikoba_Ubungo: Mtaji: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba. Mnaunda kikundi, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, msiiguse.

Bi_Mkubwa_Temeke: Mimi nasema anayeanza asikope hata hiyo. Aanze na debe moja la viazi.

Mkazi_Mabibo: Na waliokwisha kuingia?

Mhasibu_Kinondoni: Waombe kutoa pesa yote leo, wasisubiri faida ya mwezi. Wasilipie chochote ili watoe. Ujumbe wa miamala na picha za kundi vitunzwe, vipelekwe polisi. Namba inayotuma meseji za kitapeli iripotiwe kwenda 15040. Na ambaye bado hajauza bodaboda, mfuate usiku huu huu.